Nusu ya Dozi na Kikombe cha Mizizi

Barabara ya kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ina zahanati na maduka ya dawa muhimu. Ina pia wauzaji wa dawa wasiokaa dukani. Huingia kwenye basi la Mombasa wakati abiria wanasubiri lijae, hutandika turubai pembeni mwa stendi, na siku hizi sauti zao zilizorekodiwa huzunguka kwenye simu za watu wa Horohoro na za jirani zao wa Lunga Lunga, upande wa Kenya. Mkononi ni chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa maji ya mizizi, mekundu kama chai ya rangi. Maelezo yake ni haya: kanunue antibiotiki yako ya rangi mbili dukani, meza nusu, nusu iliyobaki iweke akiba, kikombe cha mizizi asubuhi na jioni kitamalizia kazi.

Anayesema hivyo mara nyingi anaijua miti kuliko anayembeza. Tena siku hizi ana hoja ya kisayansi: utafiti umefanyika, maabara imethibitisha, mitishamba ikichanganywa na antibiotiki inaua hata bakteria sugu. Sehemu ya maneno hayo ni kweli kabisa, na kwa hiyo kumkemea muuzaji hakusaidii kitu. Msikilizaji anastahili kujibiwa hoja kwa hoja, aoneshwe kweli inaishia wapi na nyongeza inaanzia wapi.

Uzito wa jambo lenyewe hauna ubishi. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa watoto waliolazwa Hospitali ya Muhimbili wakiwa na dalili za maambukizi mwilini. Kati ya waliokutwa na bakteria wa kundi la gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki, zaidi ya mara mbili ya vifo vya waliolazwa kwa malaria, ambavyo vilikuwa asilimia 20.2. Watafiti waliona wazi kwamba mtoto aliyepewa dawa ambayo bakteria wake wameshaizoea alikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa. Na makadirio ya dunia nzima ya mwaka 2019 yalihesabu vifo milioni 1.27 vilivyosababishwa moja kwa moja na usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Antibiotiki zilizobaki zinazofanya kazi ni chache, na mtoto wa Mkinga, wilaya ya Horohoro, anazitegemea sawasawa na mtoto wa Dar es Salaam.

“Maabara imethibitisha kwamba mti huu unaua bakteria.”

Imethibitisha, na si mti mmoja. Mwarobaini, mkwaju, mjafari, karafuu, kitunguu saumu: kamua chochote kati ya hivyo, dondosha kwenye sahani ya maabara iliyooteshwa bakteria, kesho yake utakuta duara tupu ambalo hakuna kilichoota. Picha ya duara hilo ndiyo inayooneshwa kwenye simu.

Lakini duara halisemi ni kiasi gani cha dawa kimehitajika. Antibiotiki nzuri humzuia bakteria asiye sugu kwa mikrogramu moja hivi, au chini ya hapo, katika kila mililita. Mzizi uliokamuliwa bila kusafishwa, watafiti huufurahia ukiweza kuzuia kwa mikrogramu mia moja. Mingi hufika elfu moja, yaani miligramu nzima kwa mililita. Mtu mzima ana damu kama lita tano. Ili kila mililita ya damu yake ipate miligramu moja, gramu tano za dondoo kavu zinapaswa kuingia kwenye damu, zote, bila tumbo kuzikataa, bila ini kuzivunja, bila figo kuzitoa. Na dawa haikai kwenye damu peke yake. Ikisambaa kwenye maji yote ya mwili, ambayo ni kama lita arobaini, hesabu inafika gramu arobaini. Hizo si gramu za mizizi mibichi; ni za kile kinachobaki baada ya mizizi kukamuliwa na maji kukaushwa. Hakuna kikombe kinachobeba hicho, na mwili usingekivumilia. Jiki nayo inaua bakteria kwenye sahani, tena vizuri sana, na hakuna anayeinywa.

Ipo sehemu moja ambapo hesabu hii inageuka na kuwa upande wa mti, nayo ni pale dawa inapomgusa bakteria uso kwa uso bila kupitia damu. Mzee wa pwani anayetafuna kijiti cha mswaki kabla ya swala, akakichambua ncha hadi nyuzi zitoke kama brashi, anaacha kinywani kemikali kali ya jamii ya ile inayotoa ukali wa haradali. Watafiti wa Sweden waliipima dhidi ya bakteria wa kinywani, wakaona inawaua. Pale, kati ya fizi na jino, kiasi kinatosha kwa sababu hakina safari ya kwenda. Anayesema mitishamba haina nguvu yoyote dhidi ya bakteria amekosea. Ila ushindi wa kinywani hauhamishiki kwenye figo wala kwenye mapafu kwa kumeza.

“Dawa mbili zikikutana, nguvu inazidi.”

Hii ndiyo hoja yenye nyama, na naomba msomaji anivumilie hapa.

Kuna kipimo maalumu cha jambo hili. Chukua kisahani cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye vishimo 96, safu nane kwa kumi na mbili. Upande mmoja antibiotiki inapunguzwa nusu kwa nusu kutoka kishimo hadi kishimo. Upande wa pili dondoo la mti linapunguzwa vilevile. Kwa hiyo kila kishimo kina mchanganyiko wake, usiofanana na wa jirani. Vyote vinatiwa bakteria wale wale, kisahani kinawekwa kwenye joto la mwili usiku kucha, na asubuhi mtafiti anatazama kishimo kipi kimechafuka kama maji ya mchele na kipi kimebaki safi. Kisha anapiga hesabu. Kama robo ya antibiotiki pamoja na robo ya dondoo inatosha kufanya kazi ambayo kila moja peke yake ingehitaji kiasi kizima, jumla ni 0.5, na hapo anaruhusiwa kusema vitu hivi viwili vinasaidiana. Jumla ikizidi 4, vinapingana: kimoja kinamlinda bakteria dhidi ya kingine. Katikati ya hapo hakuna msaada wala madhara ya kusemea.

Majibu yanayowezekana basi ni matatu, na msemaji wa stendi anatangaza moja tu. Mti ule ule unaweza kuisaidia antibiotiki hii, kuipinga ile, na kukaa kimya mbele ya nyingine. Unaweza kusaidia dhidi ya bakteria wa majipu na usisaidie dhidi ya bakteria wa mkojo. Sentensi “mitishamba huongeza nguvu ya antibiotiki” haina maana mpaka useme mti gani, antibiotiki gani, bakteria yupi, na kwa kiasi gani.

Mahali ambapo msaada umeonekana, umeonekana kwa namna inayovutia sana. Bakteria wengi sugu wana pampu ndogo kwenye ngozi yao. Dawa ikiingia, wanaitapika nje kabla haijafanya kazi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walieleza kuhusu mimea ya jamii ya Berberis yenye kemikali ya manjano iitwayo beberini, inayoua bakteria kidogo tu kwa sababu pampu hiyo inaitoa. Walipochunguza zaidi, waligundua kwamba mmea huo huo una kemikali ya pili, ambayo peke yake haiui chochote. Kazi yake ni kuziba pampu. Ikiwepo, beberini inabaki ndani na bakteria anakufa, na hata antibiotiki ya kiwandani iliyokuwa ikitapikwa inaweza kubaki ndani. Tangu hapo maabara nyingi duniani zinatafuta kwenye mimea si sumu mpya ya bakteria, bali kizibo cha pampu.

Karibu zaidi na kwetu kuna mdaa. Wasuka mikeka wa pwani wanaujua: mizizi yake huchemshwa kutia rangi ukili, na vijiti vyake hutumika kama mswaki. Kusini mwa Afrika mti huo huo hutumiwa kwa kikohozi na maumivu ya kifua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pretoria walitoa kwenye mizizi yake kemikali moja safi ya kundi la naftokwinoni, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba ikiunganishwa na aisoniazidi au rifampisini, dawa kuu mbili za kifua kikuu, vinasaidiana dhidi ya bakteria wa ugonjwa huo. Hilo ni jambo kubwa. Ni la kwenye vichupa vya maabara, kwa kemikali iliyosafishwa hadi ikabaki peke yake, na kutoka hapo hadi kwenye kikombe cha mgonjwa kuna kazi ya miaka. Mgonjwa wa TB aliyeko kwenye dozi ya miezi sita hana sababu hata moja ya kuchemsha mdaa kwa sababu ya utafiti huo. Lakini mtu yeyote anayejali dawa za nchi hii ana sababu ya kutaka kazi hiyo iendelee.

“Kwa hiyo ukiongeza mizizi, nusu dozi inatosha.”

Hapa ndipo watu wanapoumia.

Muuzaji akitaka mfano wa dozi kupunguzwa kwa msaada wa mmea, upo, na nitamtajia mwenyewe. Mwaka 2009 India iliingiza sokoni kidonge cha TB kiitwacho Risorine. Ndani yake kiasi cha rifampisini ni miligramu 200, badala ya 450 zilizozoeleka kule, na kilichofidia ni miligramu 10 za pipirini, kemikali inayoifanya pilipili manga iwashe. Pilipili manga ile ile ya pilau. Pipirini inaisaidia rifampisini kuingia kwenye damu na kukaa humo.

Sasa angalia ilivyofanyika. Hawakusaga pilipili manga na kumpa mgonjwa kijiko. Walitoa pipirini peke yake, wakaipima kwa miligramu, wakaiweka kwenye kidonge kimoja na dawa, wakawapa watu, wakawatoa damu saa baada ya saa kupima kama rifampisini imefika pale inapotakiwa kufika, kisha wakawafuatilia wagonjwa kama kweli wanapona. Dozi ilipunguzwa mwishoni, baada ya vipimo kusema inaweza kupunguzwa. Kwenye stendi zetu dozi inapunguzwa mwanzoni, na kipimo hakipo.

Na chupa ya mizizi haina namna ya kupimika. Mzizi uliochimbwa wakati wa masika si sawa na wa kiangazi, wa mti mkongwe si sawa na wa mti mchanga. Mmoja anachemsha nusu saa, mwingine anaacha jikoni hadi kuni ziishe. Mmoja anachanganya miti mitatu, mwingine saba, na wote wanaita dawa yao jina moja. Shirika la Afya Duniani limekataa kupendekeza chai ya pakanga ya Kichina kwa malaria kwa sababu hiyo hiyo, ingawa artemisini, mama wa dawa mseto tunayopewa hospitali, inatoka kwenye majani hayo hayo: kiasi kwenye kikombe hakitabiriki na mara nyingi hakitoshi.

Dozi nusu inaua bakteria dhaifu na kuwaacha wale walio na uwezo wa kuvumilia. Homa inashuka, mgonjwa anajiona mzima, na waliobaki wanazaana bila mshindani. Wiki mbili baadaye ugonjwa unarudi. Vidonge vilivyowekwa akiba kwenye droo vinamezwa, safari hii dhidi ya bakteria waliochujwa na nusu ya kwanza. Baada ya hapo ni antibiotiki ya azuma, baada ya azuma ni sindano za masaa, na kila hatua ni ghali kuliko iliyotangulia. Kwa TB mwisho wa njia hiyo unajulikana: ni kifua kikuu sugu, ambacho kwa miaka mingi wagonjwa wake walipelekwa Hospitali ya Kibong’oto, Kilimanjaro, mbali na nyumbani.

Nusu dozi si hasara pekee. Mti wenyewe unaweza kuifanya hata dozi kamili iwe nusu, bila mgonjwa kujua. Siprofloksasini, na antibiotiki za jamii ya tetrasaikilini, hunasana na kalisi, chuma na magnesi tumboni na kushindwa kunyonywa. Ndiyo maana haziendi pamoja na maziwa. Majani ya mlonge yanasifiwa, kwa haki, kwa wingi wa kalisi na chuma. Unga wake ni chakula kizuri. Ukichanganywa kwenye uji na kunyweshwa mgonjwa dakika ile ile anayomeza siprofloksasini, sifa hiyo hiyo inageuka mtego. Udongo wanaokula wajawazito unaweza kunasa dawa vilevile. Shubiri na sanamaki, zinazoharisha, zinaweza kukisukuma kidonge nje kabla hakijamaliza kunyonywa.

Na kitunguu saumu, ambacho kila mtu anakiamini. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliwapa watu wazima wenye afya vidonge vya kitunguu saumu pamoja na sakwinaviri, dawa mojawapo ya kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI wakati ule. Kiasi cha dawa kwenye damu kilishuka kwa asilimia 51. Zaidi ya nusu ikapotea kwa sababu ya kitu tunachokiweka kwenye mchuzi. Sakwinaviri si antibiotiki, na kitunguu cha mchuzi si kidonge kilichokolezwa, lakini tukio hilo linatosha kumfanya mtu mwangalifu aulize kabla ya kuchanganya.

“Bakteria hawawezi kuizoea miti, kwa sababu mti una kemikali nyingi.”

Bakteria wameishi na mimea tangu kabla binadamu hajawahi kuchimba mzizi. Pampu niliyoieleza juu hutapika kemikali za mimea na antibiotiki kwa mdomo mmoja. Bakteria anayejifunza kuisukuma beberini nje anaweza kuwa amejifunza, kwa mkupuo huo huo, kusukuma nje dawa ya hospitali. Kwa hiyo kikombe dhaifu kinywewacho kila siku kwa miezi hakina kinga dhidi ya usugu. Kinaweza kuwa shule yake.

“Mama mmoja alikuwa na UTI sugu miaka mitatu, akanywa hii, akapona.”

Ushuhuda wa namna hii ndio unaouza, na mara nyingi anayeutoa ni mkweli. Maumivu yalikuwepo, akanywa, maumivu yakaisha. Swali ni kama walikuwepo bakteria.

Kundi la watafiti liitwalo HATUA liliwapima watu wa Tanzania, Kenya na Uganda waliofika vituoni na dalili za maambukizi ya njia ya mkojo. Watu zaidi ya 7,500 walitoa mkojo, ukaoteshwa maabara. Bakteria wa kuthibitisha ugonjwa walionekana kwa takriban theluthi moja tu. Wengine wote walikuwa na dalili, na wengi bila shaka walikuwa wanaumwa kitu, ila kipimo cha kuotesha hakikuonesha maambukizi hayo. Mkojo unaochoma unaweza kutokana na kutokunywa maji ya kutosha kwenye joto la pwani, sabuni kali, magonjwa ya zinaa, hata mawe kwenye figo. Mtu wa namna hiyo anaweza kupewa antibiotiki tatu mfululizo zisimsaidie, aambiwe ana “UTI sugu”, kisha apewe lita tatu za maji ya mizizi kwa wiki nzima. Maji yenyewe yanaweza kumponya. Mizizi inapata sifa, antibiotiki inapata lawama, na hakuna aliyeotesha mkojo.

Simtukani mama huyo hata kidogo. Aliyemkosea ni yule aliyemwandikia dawa ya pili na ya tatu bila kipimo, na huyo hakuwa na chupa ya mizizi mkononi.

Nchi hii imeshaona ushuhuda ukizidi vipimo. Mwaka 2011 kijiji cha Samunge, Loliondo, kilifurika magari kutoka Tanzania nzima na kutoka Kenya, watu wakienda kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, kwa shilingi 500. Dawa ilikuwa mizizi ya mti unaojulikana na wenyeji wa kule siku nyingi, na kemikali zake zinastahili utafiti kama za mti mwingine wowote. Lakini kati ya waliorudi wamejiona wazima walikuwemo walioacha dawa za UKIMWI na za kisukari, na wapo waliokufa kwa kuziacha.

“Ni vitu vya asili, havina madhara.”

Mafuta ya mbegu za mwarobaini waliyonyweshwa watoto wachanga nchini Malaysia kama dawa ya nyumbani yaliwasababishia kutapika, degedege na kuharibika ini; madaktari wa huko waliripoti mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wapo watoto waliopoteza maisha. Kumbuka pia kwamba aisoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, dawa za TB, zote zinalielemea ini. Mgonjwa akiongeza juu ya dawa hizo kikombe cha mizizi saba, macho yakianza kuwa ya manjano, daktari hana namna ya kujua alaumu kipi, na mara nyingi hulazimika kusimamisha vyote, pamoja na dawa iliyokuwa ikimponya.

“Mitishamba ni uzushi mtupu, anayeitumia ni mjinga.”

Hoja hii haisemwi stendi. Inasemwa ndani ya vyumba vya kutolea dawa, na inastahili kukanushwa kwa nguvu ile ile, kwa sababu ndiyo inayowafanya wagonjwa wafiche.

Mkoa wa Tanga hauna haki ya kusema hivyo. Juu kwenye milima ya Usambara, Amani, Wajerumani walianzisha mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kupanda miti ya mkwinini. Vita Kuu ya Kwanza ilipofunga bahari, kwinini ya majeshi yao ilitengenezwa hapo, kutokana na magome ya miti hiyo. Hiyo ilikuwa dawa ya mti, iliyopimwa, ikawa vidonge. Na ukanda huu huu, kuanzia miaka ya 1990, kundi la Tanga AIDS Working Group lilikaa na waganga wa jadi pamoja na wauguzi wa Hospitali ya Bombo, likitumia dawa za miti za waganga kwa magonjwa nyemelezi ya wagonjwa wa UKIMWI, wakati dawa za kupunguza makali ya virusi hazijafika huku. Waganga waliheshimiwa, wagonjwa walifuatwa majumbani, na mganga alijifunza lini ampeleke mtu hospitali. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ina historia inayoanzia mwaka 1974. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa mwaka 2002 na kuunda baraza la kusajili waganga na dawa zao. Mwaka 2015 Tu Youyou wa China alipewa Tuzo ya Nobeli kwa kuitoa artemisini kwenye mmea ulioandikwa katika vitabu vya kale vya tiba vya nchi yake.

Mhudumu anayemgombeza mgonjwa kwa kunywa mizizi hamwachishi mizizi. Anamfundisha kutosema. Bi mkubwa ataitikia “ndiyo, mwanangu,” atapokea vidonge, atarudi nyumbani na kuvimeza pamoja na kile alichokuwa anakinywa, na safari hii hakuna atakayejua.

Kinachotakiwa kwenye chumba hicho hakihitaji maabara wala bajeti. Ni kuuliza kwa adabu, kabla ya kuandika dawa, na kuandika jibu kwenye faili. Mgonjwa aambiwe antibiotiki inamezwa yote, siku zote zilizoandikwa, iwe mizizi ipo au haipo. Aambiwe kwamba kikombe ni bora kisubiri hadi dozi iishe. Asipokubali kusubiri, basi angalau kisikutane na kidonge tumboni. Kwa siprofloksasini kanuni inayojulikana ni kuimeza saa mbili kabla, au saa sita baada, ya kitu chenye kalisi au chuma kwa wingi, na unga wa mlonge uhesabiwe humo. Wagonjwa wa TB na wanaotumia dawa za UKIMWI wasichanganye kitu bila kituo chao kujua. Macho yakiwa ya manjano, mkojo ukiwa mweusi kama kahawa, arudi siku hiyo hiyo na chupa yake mkononi.

Na swali lenyewe linaweza kuulizwa hivi, na muuza duka la dawa wa Horohoro anaweza kuliuliza vizuri kama daktari wa Bombo: “Shikamoo mama. Kabla sijakupa hizi, nyumbani unakunywa mzizi gani? Nani amekupa, na mara ya mwisho umekunywa saa ngapi?”